Jibu Lililokalia Kiti cha Mwenzake

Inspekta Ragaa Abdel-Tawab alikuwa hajamaliza taamia yake ya asubuhi, vibonge vya maharage vya kukaanga, Sajini Galal alipoingia na jalada na kulibwaga mezani.

"Daktari wetu huyo, afande," alisema, meno yote nje. "Mwizi wa alama. Mwendesha mashtaka anamtaka saa nane kamili."

Ragaa aliilaza taamia juu ya karatasi yake. Ilikuwa imefungwa kwa ukurasa uliochanwa kitabuni, kama taamia zote za Fayoum mitihani ikishapita, wanafunzi wanapouza vitabu vyao kwa kilo. Ukurasa ule ulikuwa na picha ya treni na maandishi ya Kizungu yasiyokuwa Kiingereza wala Kifaransa. Karibu kila neno liliishia na irabu, na pembeni mtu alikuwa ameandika tafsiri ya kila mstari kwa penseli. Ragaa alifutia vidole kwenye pembe safi, akafungua jalada.

Mshukiwa: Abir Mutawalli, miaka kumi na minane, binti wa mpiga pasi wa mtaa ulio nyuma ya mfereji wa Bahr Yusuf. Jumanne, siku ya matokeo ya sekondari, tovuti ya kampuni binafsi iitwayo Bushra ilimwonyesha alama 398 na nusu kati ya 410. Baba yake alinunua sharbati akagawia mtaa mzima, akatundika bango lenye picha ya skrini, na majirani wakaanza kumwita binti Daktari, kwa kuwa alama hizo zinatosha kusomea udaktari. Jumatano orodha ya shule ikafika: 287. Jioni ileile Bushra wakapeleka malalamiko kwamba binti ameghushi ukurasa wao na kuwachafulia jina. Akipatikana na hatia angefungwa, na akitoka asingeruhusiwa kukanyaga tena chumba cha mtihani.

"Amelala wapi?"

"Mahabusu, afande."

"Na wanawake waliokamatwa kwa wizi?"

"Hatuna mahabusu mbili."

"Mlimfunga pingu?"

"Ni utaratibu."

"Utaratibu!" Ragaa alisimama. "Mwezi uliopita mwenye ghala alikutwa na tani sita za mchele uliooza. Ulimpigia simu ukamwuliza aje saa ngapi. Utaratibu ulikuwa likizo siku hiyo, Galal?"

Galal alikwenda kumleta binti.

Abir aliletwa na shungi limekunjamana. Kwa binti wa mpiga pasi, aibu hiyo peke yake ilitosha. Hakulia. Alikuwa amekasirika, na Ragaa alipendezwa na hilo, maana waongo wengi aliowahoji katika miaka kumi na tisa walianza kwa machozi.

"Nieleze siku ya Jumanne. Polepole."

"Tulikwenda kwa Usta Shaaban, mwenye duka la intaneti. Simu ya baba haifungui tovuti. Watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani. Usta Shaaban ndiye anayeandika nambari za kiti cha mtihani, sisi tunaangalia. Likatokea jina langu, zikatokea alama. Mama akapiga vigelegele. Nikapiga picha. Basi."

"Hukuigusa kompyuta?"

"Ningeigusaje, mama? Kati yangu na kompyuta kulikuwa na wanawake ishirini."

"Ulitegemea kupata ngapi?"

"Mia tatu, Mungu akipenda. Nilipoona vile, nikasema Mungu amependa zaidi."

Ragaa alitoa ile picha ya skrini, imekuzwa, akaigeuza ielekee kwa binti. "Lugha ya pili ulisoma ipi?"

"Kifaransa."

"Soma mstari wa nne."

Abir aliinama. Midomo ikacheza, kisha ikasimama. "Kiitaliano. Thelathini na tisa kati ya arobaini." Akainua macho. "Mimi Kiitaliano hata salamu sijui!"

"Hukuona?"

"Nani alisoma mistari, mama? Tuliona jina na jumla. Mtaa mzima ulikuwa unapiga kelele."

Ragaa alimgeukia Galal. "Niambie wewe. Mghushi gani anajipa alama za somo ambalo hakulisoma?"

"Labda alikosea, afande."

"Labda. Lete gari."

*

Shaaban alikuwa mtu mnene mwenye kanzu ya mistari na kompyuta nne, tatu kati ya hizo mbovu. Alipoona polisi alianza kuapa kabla hajaulizwa.

"Wallahi mimi sijui kughushi, afande. Hata kuandika barua naandikiwa."

"Nataka ufanye kama ulivyofanya Jumanne. Una nambari?"

Alikuwa nazo, kwenye kipande cha kasha la sigara, kwa mpangilio wa watu walivyofika. Alifungua tovuti ya Bushra. Ragaa alimwagiza aandike nambari iliyokuwa juu ya Abir, kisha mara moja ya Abir, bila kungoja. Shaaban akafanya. Skrini ikaandika "Subiri lahadha", kisha likatokea jina la Abir na alama 287, Kifaransa.

Wakajaribu tena. 287. Wakajaribu mara tisa, polepole, haraka, kwa vidole viwili. 287 kila mara.

"Hapo sasa, afande," alisema Galal, na furaha ilimshinda kuificha. "Mashine haina kosa. Binti ana kosa."

Ragaa alimtazama Shaaban, aliyekuwa ameikunjia skrini uso kama mtu aliyekuta kiti kipya nyumbani kwake.

"Nini?"

"Hilo neno, afande. 'Subiri lahadha.' Jumanne halikuwepo."

"Una hakika?"

"Nitakosaje hakika, na nilitukanwa vile? Wanawake walikuwa wananiambia, 'Shaaban, mbona hakuna kitu? Shaaban, umelala?' Ukurasa ulikuwa kimya. Huambiwi subiri, huambiwi ondoka. Nikidhani umekwama, naandika nambari ya mwingine. Lingekuwepo hilo neno, ningewaonyesha wanyamaze!"

"Kwa hiyo uliandika nambari ya Abir kabla ya jibu la aliyemtangulia kuonekana?"

"Ndiyo."

"Na huyo aliyemtangulia?"

"Nilimrudia. Baada ya vigelegele nikaiandika nambari yake tena. Jina lake likaja, na chini yake mia mbili themanini na saba." Shaaban alisikia mwenyewe alichosema. "Mia mbili... afande, ni ileile!"

"Ni nani huyo?"

"Simjui. Si wa mtaa huu. Mtu mzima, si mwanafunzi, mikono ina makovu ya moto. Nilimsomea jumla, akasema alhamdulillahi, akaondoka."

Ragaa alichukua kile kipande cha kasha na kukitia kwenye bahasha ya ushahidi. Nje, mita thelathini kutoka hapo, bango la Mutawalli lilikuwa bado limening'inia upande mmoja. Mtu alikuwa amelipaka tope juu ya neno Daktari. Mpiga pasi mwenyewe alisimama mlangoni pa kibanda chake, pasi imepoa, wala hakuna hata kanzu moja iliyomngojea. Watu waliokunywa sharbati yake Jumanne walikuwa wamepeleka nguo zao mtaa wa pili.

*

Mhandisi Muhab Sirry alikuwa ametoka Kairo na kompyuta yake kuja kutoa ushahidi wa kampuni. Alivaa shati jeupe na alinukia vizuri. Ilikuwa saa sita na robo.

"Bwana mhandisi, malalamiko yenu yanasema haiwezekani, neno lenyewe ni 'haiwezekani', ukurasa wenu kuonyesha alama za mtu mwingine. Nani aliliandika?"

"Wakili wa kampuni."

"Wewe ulilisoma?"

"Nililisoma."

"Nifundishe, basi. Mimi ni mtu wa mafaili ya karatasi. Ukurasa wenu unatengenezwa wapi?"

Alitulia kidogo. Swali hilo alilijua. "Hautengenezwi kwenye simu yako, afande. Unapikwa kwenye seva yetu, unaletwa umeiva. Seva inakumbuka kila ukurasa ulio wazi, na kitu kikibadilika inaleta kile kipande tu. Ukiandika nambari ya kiti, seva inatuma watumishi wawili, tuseme hivyo. Mmoja analeta jina, mmoja analeta alama. Jina liko karibu. Alama ziko mbali, na siku ile foleni ilikuwa ndefu."

"Seva inasimama kumngoja huyo wa alama?"

"Hapana. Ikisimama, watu wote wanakwama. Inaendelea na mengine, naye akirudi anapokelewa."

"Vizuri. Nimeandika nambari ya kwanza. Kabla ya alama kurudi nimeandika ya pili. Jina linakuwaje?"

"Linabadilika. La pili."

"Na yule mtumishi aliyekwisha tumwa kwa ajili ya wa kwanza?"

Muhab alisogeza kikombe cha chai. "Anarudi."

"Na alama za nani?"

"Za wa kwanza."

"Anaziweka wapi?"

"Kwenye kadi ya alama iliyo wazi."

"Yenye jina la nani juu yake?"

Galal, aliyekuwa ameegemea mlango, aliacha kuegemea.

"Mhudumu wa mkahawa," alisema Ragaa, "akienda jikoni akarudi na sahani, hutazama kwanza aliyekaa mezani ni yuleyule. Nyinyi wasomi mna dawa gani ya jambo hilo?"

"Ipo. Kila jibu linabeba nambari ya swali lake. Likifika, unalinganisha na swali lililo mezani. Lisipolingana, unalitupa. Na wakati wote wa kungoja, kadi inafuta cha zamani na kuandika kwamba inasubiri."

"Ni kazi ngumu?"

"Mistari minne, mitano."

"Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua?"

"Wa pili," alisema kwa sauti ndogo.

"Basi nimesafiri na wewe mpaka hapo. Leo asubuhi nimeona 'Subiri lahadha' kwenye ukurasa wenu, na mwenye duka ananiambia Jumanne halikuwepo. Fungua kompyuta yako. Mnaweka kumbukumbu ya kila badiliko, nani kalifanya na saa ngapi. Nataka kumbukumbu ya Jumanne."

"Hiyo ni mali ya kampuni, afande."

"Na yule binti ni mali ya nani?" Ragaa aliupiga mkono mezani, kikombe kikaruka. "Amelala sakafuni usiku mzima kwa neno lenu la 'haiwezekani'! Kampuni yako ndiyo mlalamikaji. Mlalamikaji anayeficha ushahidi ana kifungu chake, na ninakijua kwa moyo. Fungua."

Alifungua. Ragaa aliisoma orodha kwa kidole, mstari kwa mstari, bila haraka. Badiliko la Jumamosi, siku tatu kabla ya matokeo: kuondoa sehemu ya kusubiri. Badiliko la Jumanne, saa saba na dakika ishirini mchana: kuirudisha. Chini yake Muhab alikuwa ameandika maelezo kwa mkono wake mwenyewe, kama waandishi wa programu wanavyojiwekea: *Jibu la swali la zamani lilikuwa linaingia kwenye swali jipya. Sasa linatupwa.*

Ragaa aliacha kidole juu ya mstari huo.

"Kwa nini mliiondoa Jumamosi?"

"Mkurugenzi. Alisema mtu akiona neno 'subiri' anakimbilia tovuti nyingine, na matangazo yanakwenda naye. Akasema serikalini Misri nzima inaambiwa subiri, sisi tusiwe kama serikali. Watu walicheka. Ule ulinganisho wa nambari ulikuwa ndani ya sehemu ileile. Niliifuta yote kwa pamoja, nikasema nitaurudisha baadaye."

"Jumanne saa saba na dakika ishirini ulijua."

"Nilijua."

"Jumatano jioni mkamshtaki binti wa mpiga pasi."

"Picha yake ilikuwa imeenea kila mahali, ina nembo yetu. Mkurugenzi alisema ama yeye, ama sisi."

"Na wewe ukaja mpaka Fayoum, umepiga pasi shati, kusema yeye." Sauti ya Ragaa ilikuwa imeshuka, na Galal, aliyemjua, alirudi nyuma hatua moja. "Kutoka saa nne matokeo yalipotoka mpaka saa saba na dakika ishirini, wangapi walionyeshwa alama zisizo zao?"

Muhab alifumba macho. "Elfu nne mia tatu na kumi na mbili."

"Ulihesabu!"

"Nilihesabu."

"Umemwambia hata mmoja wao?"

Muhab alitikisa kichwa. Watu elfu nne na zaidi, watoto wa watu, wengine wamelishwa furaha ya uongo na wengine wamepigwa na baba zao kwa alama za jirani, na kampuni ina hesabu yao kamili kwenye kompyuta, imekaa kimya ili ukurasa upendeze. Ragaa alimsukumia kalamu na karatasi.

"Andika yote. Anza na Jumamosi. Na jina la mkurugenzi liandike kwa herufi kubwa."

Muhab alipokuwa anaandika, Ragaa alisoma nambari iliyomtangulia Abir kwenye kile kipande cha kasha na kumtaka aitafute kwenye seva. Ilitoka mara moja: Nagat Sayyid Abdel-Ghani, miaka thelathini na mmoja, mtahiniwa wa kujisomea nyumbani. Jumla 398 na nusu. Lugha ya pili, Kiitaliano.

"Nagat Sayyid," alisema Galal. "Tutampataje, afande? Mji mzima huu, mwanamke akishazaa nani anayemwita kwa jina lake?"

Ragaa aliitazama meza yake. Taamia iliyopoa ilikuwa bado pale, juu ya ukurasa wenye treni, na penseli ile pembeni ilikuwa imetafsiri kila mstari, mpaka neno dogo kabisa. Nusu ya vijana wa Fayoum wako Milano, Italia, na dada zao huokota Kiitaliano kwa simu. Lakini mwanafunzi anayeuza vitabu vyake kwa kilo haandiki hivi. Huyu alikuwa amekisoma kitabu mpaka ndani ya mifupa yake.

"Galal, hii taamia uliyoniletea ulinunua wapi?"

"Kwa Mama Ziyad, hapo nyuma ya kituo. Kwa nini?"

"Ana makovu ya moto mikononi?"

"Afande, anakaanga taamia. Ungetaka awe na nini?"

*

Saa nane kamili mwendesha mashtaka alisoma maungamo mara mbili, akaifunga kesi ya Abir Mutawalli na kufungua nyingine. Baba yake alikuwa amesimama ukumbini tangu adhuhuri. Abir alipofunguliwa alimgeukia Ragaa.

"Kwa hiyo ni kweli, mama? Mimi ni mia mbili themanini na saba?"

"Kweli."

Binti alikuwa amekuwa daktari kwa siku moja na mwizi kwa siku moja, na vyote viwili alipewa na watu wasiomwuliza. "Sawa," alisema. "Hizo ni zangu. Nitazichukua. Lakini bango nitalishusha mwenyewe, na waliolipaka tope watashika ngazi."

"Galal atashika ngazi," alisema Ragaa. "Tena akiwa amevaa sare."

Galal alikwenda kutafuta ngazi.

Nyuma ya kituo, kikaango cha Mama Ziyad kilikuwa kinachemka na watu sita walisubiri. Alikuwa mwanamke mwembamba, kichwa kimeinama, mikono ikienda yenyewe: anatumbukiza, anaopoa, anachana ukurasa, anafunga. Kitabu kilikuwa kimetobolewa na kutundikwa kwenye msumari kando ya mkokoteni. Nusu yake ilikuwa imekwenda.

"Nagat Sayyid Abdel-Ghani," alisema Ragaa.

Mkono ulisimama hewani. Ilionekana jina hilo halijatamkwa hapo kwa miaka mingi. "Nimefanya nini, mheshimiwa?"

"Ulikwenda duka la mtaa wa watu kutazama matokeo. Kwa nini usitazame hapa kwenu?"

"Ili nikicheka, nicheke peke yangu. Na nikifeli, nisichekwe." Akachana ukurasa mwingine. "Nikaona nilichoona. Miaka minne nasoma mtoto akilala. Nikasema basi, karatasi angalau ina kazi."

"Uliona alama za mtu mwingine. Tovuti ilikosea, waliokosea wakajua, wakanyamaza." Ragaa alimwekea mbele karatasi yenye muhuri wa kituo, juu kabisa ya bakuli la kitunguu. "Zako ni hizi."

Nagat alisoma. Alianza na jumla, akashuka mpaka mstari wa nne, kidole chenye kovu kikakaa pale juu ya neno Kiitaliano. Mafuta yalianza kuungua. Kisha akanyoosha mkono, akakitoa kitabu msumarini, akakipangusa kwa upindo wa kanzu yake na kukibana kwapani.

"Dada, mimi nina haraka," alilalamika mteja wa mbele. "Taamia yangu sasa utaifunga na nini?"

"Kinga mkono," alisema Nagat, na sauti yake ilikuwa na hasira ya siku mbili nzima. "Na mimi siitwi dada. Niite Daktari."